Daftari la Pande Mbili

Mimi huwa sisomi ninachotaipu. Watu hudhani najisifu, lakini muulize yeyote aliyefundishwa kazi hii akafundishika: macho yanaona herufi, vidole vinapiga, kichwa kiko nyumbani kinawaza kama kuni zitatosha. Miaka ya tisini nilikuwa na chumba changu cha taipu pale Muthara, upande wa Meru, kati ya duka la mbolea na kinyozi. Nilitaipu barua za mapenzi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, kumbukumbu za vikundi vya akina mama na mitihani ya hesabu ya darasa la nane. Jioni ukiniuliza nilichoandika, ningeweza kukuambia tu kama utepe wa wino ulikuwa mzuri au mbovu.

Ndivyo nilivyokuwa siku mwalimu alipoingia mara ya kwanza, na madaftari matatu yaliyofungwa kwa karatasi ya mkate. Alikuwa amestaafu kufundisha historia katika shule ya upili. Alivaa koti la suti juu na gambuti chini, na ukimwona kwa nyuma ungedhani ni mtu aliyekatizwa harusini akaitwa kuzibua mtaro. Aliyaweka madaftari mezani kwangu kama mtu anayeweka mayai.

"Madam," akasema, "hii ni historia ya vita. Ukikosea jina la mtu hapa, umemuua mara ya pili."

Nikamwambia mimi sikosei. Alicheka, nami nikakasirika. Urafiki wetu ulianza hivyo na uliendelea hivyo miaka sita.

Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wazee waliopelekwa Bama, kule Asia, wakati wa vita vikuu vya pili. Alizunguka kwa baiskeli kuanzia Muthara hadi Laare, na akipata mtu wa kumwachia ng'ombe wake, alishuka hadi Embu. Alikuwa amesoma vitabu vyote vya vita hivyo alivyoweza kuvipata, na alisema vimeandikwa na watu waliokuwa wamepanda farasi au gari. Wakubwa wametajwa kwa majina, wetu wametajwa kwa idadi. Yeye alitaka historia ya mtu aliyebeba sanduku la risasi kichwani kwenye tope, na akauliza sanduku lilikuwa na uzito gani, na nani alimsaidia kulitua.

Alikuwa na mtindo wake wa kuhoji, na sijaona mwingine kama huo. Hakuuliza habari za ushujaa. Niliwahi kufuatana naye hadi Laare, kwa kuwa nilikuwa na shangazi wa mume wangu wa kumwona, na nikamkuta ameketi na mzee mmoja aliyekuwa akitafuna miraa taratibu, shavu limejaa.

"Mimi niliua Wajapani mia mbili," mzee akasema.

"Sawa, mzee. Viatu vyako vilikuwa namna gani?"

Mzee akaacha kutafuna. Akatazama miguu yake kwa muda. "Kiatu ilikuwa kubwa," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Ya mtu wa kama size kumi na mbili. Nilikuwa naweka majani ndani ndio isitoke. Na mvua ikinyesha, majani inaoza, mguu inaoza na hiyo majani."

Hapo ndipo mwalimu alipofungua kalamu. Baadaye aliniambia kwamba mtu anaweza kudanganya kuhusu maadui aliowaua, lakini hajapata kumwona mtu anayedanganya kuhusu kiatu. Na alikuwa na sheria nyingine: ukurasa wowote unaomtaja mtu hauendi kwa mchapishaji kabla haujasomwa mbele ya mtu huyo, au mbele ya watu wake. Kama wakisema si hivyo, unarudi kwangu unataipiwa upya. Nilitaipu sura moja mara tano kwa sababu ndugu wawili hawakukubaliana kuhusu rangi ya nyumbu wa kubebea mizigo.

Sasa nifike kwenye siri yake, ambayo mimi ndiye niliyeifumania. Siku moja nilitaka kujua daftari limebaki kurasa ngapi, nikaligeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi, kichwa chini miguu juu. Unajua watoto wa shule wanavyofanya: daftari la sayansi mbele, na nyuma wanaligeuza wanaandika nyimbo na majina ya wasichana. Kumbe na mwalimu. Nikasoma, maana sikuwa nataipu. Ilikuwa habari ya rubani wa chombo cha kwenda kwenye nyota, mtu wa Laare, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu ndiye pekee angeweza kutafuna miraa miaka mia tatu bila kulala. Akafika salama. Tatizo likawa kwamba wenyeji wa ile nyota walimpokea vizuri, wakamkaribisha, na kwa miraa yote ile hakuweza tena kunyamaza. Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja cheti akaamua kurudi kesho.

Alipokuja nikamwekea daftari mbele, upande wa nyuma juu. Mwalimu huyo aliyekuwa amesimama mbele ya madarasa miaka thelathini alikaa kwenye benchi kama mtoto aliyeshikwa.

"Mbele ni historia," akasema. "Nyuma ni... hiyo. Zikikutana katikati, nanunua daftari lingine."

"Na wanafunzi wako waliokuwa wanafanya hivyo?"

"Niliwachapa."

Akanisihi nisimwambie mtu. Alisema watu wakijua anatunga habari za nyota, watauliza kama na Bama ametunga, na wale wazee wote watakuwa wamesema bure. Nilimwona anaogopa kwelikweli. Nikamwahidi, na ahadi hiyo sikuivunja, lakini nilitoza kodi: kila hadithi iliyomalizika ilikuja kwangu kwanza. Nilizitaipu Jumamosi mchana, mlango umeegeshwa, na hizo ndizo kazi pekee nilizotaipu huku nikisoma. Kulikuwa na nchi ambayo kila jemadari alilazimika kubeba mzigo wake mwenyewe, na kwa hiyo vita vyao havikupita kilometa mbili. Kulikuwa na mashine iliyokumbuka majina ya wafu wote na ilikataa kuzimwa. Siku moja nilimwambia, "Mwalimu, kwenye nyota zako hakuna mwanamke hata mmoja. Nani anapika?" Alichukua kofia yake, akaondoka. Wiki iliyofuata alileta nyota inayotawaliwa na wanawake, na huko hakuna aliyepika kabisa, watu wote walikuwa wanene na sikuelezwa walikula nini.

Nilimpenda mtu huyu. Naandika hili wazi kwa sababu wakati ule nilimwonyesha zaidi kwa kumfokea.

Mimi ni mzaliwa wa Kibugu, upande wa Embu, niliolewa Meru. Mwalimu alipojua hivyo akaniuliza kama namfahamu mjane mmoja wa huko, karibu na msitu. Nilimjua. Kibugu nzima ilimjua. Alichuma chai safu moja na mama yangu, na sisi watoto tulimwita cucu, yaani bibi, ingawa hakuwa na mjukuu wala mtoto. Mume wake alichukuliwa kwenda vitani wakiwa wameoana miezi michache tu. Kisha ikaja barua, na karani wa chifu akamsomea kwa Kiswahili: mume wako amepotea.

Karani hakukosea. Wanajeshi huandika hivyo mtu asipoonekana baada ya mapigano. Lakini kwetu neno hilo tunalitumia kila siku. Mtu asipofika kanisani Jumapili mbili, anaambiwa "umepotea sana." Mkwe asipokuja kusalimia amepotea, rafiki wa shule akitokea sokoni amepotea, na kila anayeambiwa hivyo anacheka na kusema yupo, ni kazi tu. Cucu alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha kujua hilo. Akaelewa kwamba mume wake amepotea njia. Na, alikuwa akituambia sisi watoto huku akimenya nduma, hakushangaa hata kidogo, maana mume huyo aliweza kupotea kati ya nyumba na kisima.

Akangoja. Ndugu wa mume alipotaka kumchukua, alikataa: mimi nina mume, amepotea tu. Mchungaji alipotaka kumfanyia ibada ya wafu, alimtengenezea chai, akamsindikiza hadi barabarani. Miaka hamsini. Watu wa rika langu walimwona kama sehemu ya kilima. Wazazi wetu walikuwa wamechoka kumwambia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la uhakika la kumpa, kwa hiyo waliacha.

Mwalimu ndiye aliyelipata neno hilo. Mzee mmoja wa hapo Muthara alimwambia kuhusu kijana wa Embu, mtu wa Kibugu aliyekuwa ametoka kuoa, aliyeanguka ukingoni mwa mto mkubwa, kabla ya kuvuka. Mwalimu akauliza habari za viatu. Mzee akasema kamba zilikuwa zimeoza, kijana akafunga kiatu cha kushoto kwa waya wa simu. Shahidi mmoja hakumtosha mwalimu. Miaka miwili baadaye, Laare, mzee mwingine ambaye hajawahi kuonana na yule wa kwanza alisema, bila kuulizwa jina la mtu, "Yule wa Embu tulizika na waya kwa kiatu." Mwalimu alirudi Muthara kwa baiskeli mvua ikimnyeshea, akaingia chumbani kwangu, akakaa. Nilidhani amefurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa kupeleka msiba.

"Nitamwambiaje?" akasema.

"Utamwambia alivyokufa."

"Madam, yule mama hajawahi kuwa mjane. Mimi ndiye nitamfanya mjane."

Alichelewa kuandika sura hiyo. Alipoileta hatimaye, daftari lilikuwa limelowa ndani ya koti, pini zake zimeoza kwa kutu, karatasi zote zimeachana. Nikamuuliza kama nyuma kuna kitu. Akasema hapana, hili ni historia tupu, na hakuniangalia. Nilipaswa kuona hapo. Lakini alikuwa ameleta pia habari kwamba cucu ameshikwa na kifua, hali si nzuri, na kwamba kesho yake, Jumamosi, lazima twende. Mimi pia, kwa kuwa Kiswahili cha kitabuni kingempita yule mama na Kimeru cha mwalimu kingemchekesha, na alitaka mtu wa kumgeuzia maneno kwa Kiembu sentensi kwa sentensi.

Nilizianika karatasi kwenye mabenchi karibu na jiko. Zilipokauka nilizigeuza zote zikae wima, kama mtu yeyote mwenye utaratibu angefanya, nikazipanga kwa kuangalia neno la mwisho la ukurasa huu na neno la kwanza la ukurasa ule. Zikapangika vizuri. Nikataipu kwa kasi, jicho moja kwenye saa. Sikusoma. Asubuhi nilimkabidhi mwalimu bahasha, naye hakuifungua njiani. Alisema akiisoma kabla, atashuka garini arudi nyumbani.

Tulimkuta cucu ameketi kwenye kiti ndani, blanketi mabegani, karibu na moto. Alikuwa amekonda, lakini alinitambua, akaniuliza kwa nini nimepotea hivyo tangu nilipoolewa. Akamwagiza jirani aliyekuwa akimtunza atuletee chai. Mwalimu alikataa kiti kizuri, akachukua kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Akaeleza yeye ni nani na amekuja na nini. Alimwita mama. Akasema ni habari ya mume wake, na si habari nzuri, na akitaka asisome, hatasoma.

Cucu akasema, "Soma."

Akasoma. Mimi nikageuza. Alianza na safari, meli, sanduku la risasi, mvua ya huko. Sauti yake ilikuwa ya darasani, ya kujikaza. Alipofika kwenye waya wa simu, cucu aliinua mkono. Akaniambia niseme tena. Nikasema: kamba ziliisha, akafunga kiatu kwa waya.

Cucu akacheka kidogo, akakohoa. "Huyo ni yeye," akasema. "Alikuwa anafunga mbuzi kwa shati."

Kisha akaacha kucheka, na nikaona neno hilo limemwingia, kwamba kama kiatu ni chake, basi na yanayofuata ni yake. Mwalimu naye aliona. Akaendelea haraka, bila kuinua macho. Kijana alianguka ukingoni mwa mto, asubuhi, kwa risasi moja. Hakulia kwa muda mrefu. Wenzake wawili walimfunika kwa blanketi lake, wakaweka juu yake mawe matatu, kwa sababu mahali pale mawe hayakuwa mengi. Kisha wakaamriwa kuvuka.

Nikaligeuza lote hilo kwa Kiembu, hadi kwenye mawe. Cucu alikuwa akiutazama moto. Mwalimu akafunua ukurasa uliofuata na kusoma: "Akainuka. Akayasogeza mawe taratibu, akaingia mtoni mpaka chini kabisa, penye mji."

Nami nikageuza. Mdomo wangu ulishasema kwa Kiembu kwamba ameinuka kabla kichwa changu hakijasikia.

Mwalimu aliacha kusoma. Nilimwona anatazama karatasi, kisha ananitazama mimi, na sijawahi kutazamwa hivyo, wala kabla wala baadaye. Nikaelewa yote mara moja: daftari halikuwa la historia tupu. Aliandika kifo mbele, na kwa kuwa hakuweza kukivumilia, akaligeuza, akamwandikia yule kijana maisha kwa nyuma, akanificha hata mimi. Nami kwa utaratibu wangu nimeziunganisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka hamsini mama huyu amedanganywa na neno moja, na sasa, dakika ileile tulipomwambia ukweli, nimemfufua mume wake kwa mashine ya taipu.

"Mama," mwalimu akasema, "samahani. Hii si kweli. Hapa nimetunga. Imewekwa hapa kwa makosa. Ile ya kwanza ni ya ukweli, nimeulizia watu wawili. Hii nyingine ni mimi tu." Akavua miwani. "Mimi huwa natunga mambo. Usiache kuamini ile ya kwanza kwa sababu ya hii."

Alichokuwa akikiogopa miaka yote kilikuwa kimefika, nyumbani kwa mtu, mchana kweupe, na alikuwa amekikiri kwa mdomo wake mwenyewe. Nikageuza maneno yake yote, hata lile la kutunga. Sikuthubutu kuongeza langu.

Cucu alisukuma ukuni ndani ya moto. Kisha akasema, "Mwambie nimesikia. Ya kweli inaishia kwenye mawe."

Nikamwambia.

"Sasa anisomee hiyo nyingine."

Mwalimu hakuelewa. Nilimrudishia mara ya pili, kwa Kiswahili cha darasa la kwanza. Akavaa miwani. Akasoma, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti yake, siyo ile ya darasani. Chini ya mto kulikuwa na mji ambako risasi zilikwenda polepole sana, hata watoto walizidaka wakazitumia kuchezea bao. Watu wa huko walimvua yule kijana kiatu chake, wakastaajabia ule waya, wakadhani ni pambo la wakubwa, na baada ya wiki kila kijana wa mji alifunga kiatu kwa waya. Cucu alicheka hapo. Akawa anauliza mlima wao ukoje, wanapanda nini, kuna baridi. Kijana aliulizia njia ya kwenda kwenye mlima wa kwao wenye theluji, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa adabu, na hakuna aliyekuwa anajua. Hapo hadithi ikakatika.

"Anafika?" cucu akauliza.

"Bado sijaandika," mwalimu akasema. "Unataka afike, mama? Naweza kumfikisha."

Alisema hivyo kwa hamu, kama mtu aliyepata hatimaye kitu cha kumpa. Nikageuza. Cucu alifikiri. Akaniuliza mume wake ana umri gani huko chini ya maji. Nikamuuliza mwalimu, akasema ishirini na miwili, huko watu hawazeeki. Nikamwambia cucu. Akatoa mkono kwenye blanketi, akauangalia upande wa juu wenye makunyanzi, akaugeuza akauangalia kiganja, kisha akaurudisha.

"Asifike," akasema. "Mwambie mwalimu ampe mke huko huko. Msichana mzuri, mwenye kujua kufunga viatu."

Mwalimu aliniuliza mara tatu amesema nini kabla sijaweza kumwambia.